Gemu yako ya zamani haijafa, ni chafu

Juzi kijana mmoja wa Makambako kaniandikia kuhusu Game Boy, ile gemu ya mkononi ya Nintendo: "Shikamoo kaka. Nimepata Game Boy ya kijivu kwenye mitumba, elfu kumi na tano. Nimeweka betri, haiwaki. Fundi simu kaniambia nitupe. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Usitupe. Na huyo fundi usimchukie. Fundi simu akishaona kitu hakina spea Kariakoo, anakihesabu maiti. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu kama maiti zina uchafu tu. Isafishe kwanza, kabla hujanunua spea hata moja. Wenye haraka mnaweza kuishia hapa. Wengine kaeni, maana nina ya kusema.

Mimi nimekulia Uyole. Miaka ya tisini gemu tulizozijua ni zile za Kichina za kupanga matofali, na mwenye nayo alikuwa mfalme wa mtaa. Game Boy yenyewe niliiona kwa mtoto aliyekuja likizo kwa bibi yake, katokea Zambia na treni ya TAZARA. Alitupanga foleni kwenye kibaraza. Mbele yangu walikuwepo wakubwa, na wakubwa hawana haraka. Ile taa nyekundu ya pembeni ya kioo ikaanza kufifia, ikafifia, ikazima, na mwenye mali akasema betri zimekwisha, kesho. Kesho yake akaondoka. Leo nina mvi, lakini mtu akinizungumzia foleni ya kibaraza bado nachukia.

Basi miaka ikapita, kazi, ndoa, watoto, mnajua wenyewe. Siku moja niko Mwanjelwa natafuta rimoti ya dekoda, nikaiona kwenye beseni la chaja mbovu. Ya kijivu, kioo kimekwaruzika, mfuniko wa betri haupo. Muuzaji hakujua hata ni nini, akaniambia "hiyo redio, bosi". Nililipa bila kupatana bei, kitu ambacho Mwanjelwa sijawahi kukifanya kabla wala baada. Nyumbani nilimwambia mama watoto ni kifaa cha kupimia umeme. Alikuja kugundua usiku, niko jikoni nimeweka sauti chini, matofali yanadondoka. Hakusema kitu. Alivuta kigoda akaomba zamu.

Walionisema ni wengine. Tulikuwa na kikao cha harusi ya binamu yangu, kila mtu anataja ahadi yake, nami nikataja yangu. Mzee mmoja wa ukoo akasimama, mbele ya wakwe na kamati nzima: "Huyu muongezeeni, hela anazo. Si ananunua midoli?" Watu walicheka mpaka mweka hazina akashindwa kuandika. Mchango niliulipa wote kabla ya tarehe, na risiti ninayo mpaka leo. Wapo waliocheka siku ile ambao bado wanadaiwa, sitawataja.

Leo napokea maboksi kwa basi kutoka Iringa, Tukuyu, mpaka Songea. Midoli hiyo.

Sasa tuje kwenye Game Boy yako. Hiyo ya kijivu ilitoka Japani mwaka 1989. Pale Nintendo, kampuni iliyoitengeneza, kulikuwa na mtu anaitwa Gunpei Yokoi, na msimamo wake ulikuwa kutumia teknolojia iliyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, wala si kukimbilia mpya. Ndiyo maana kioo chake hakina rangi wala taa. Kina vivuli vinne tu, nukta 160 kwa 144. Watu waliibeza. Mwaka 1990 washindani wao Sega wakaleta Game Gear yenye rangi na taa, ikawa inakula betri sita kwa saa chache. Leo hizo Game Gear ndizo zinazonitesa, kwa sababu kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, huvuja, na ukiifungua inanuka samaki. Game Boy ya kijivu ni ngumu. Kuna moja iliyoungua kwenye vita vya Ghuba, plastiki ikayeyuka kabisa, na bado iliwaka. Nintendo waliiweka kwenye maonyesho dukani kwao New York kwa miaka mingi. Yako imetoka kwenye mtumba tu, haijatoka vitani.

Fungua kwanza sehemu ya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, umempata mchawi. Betri za alkali zikivuja hutoa kitu cha jamii ya magadi, kwa hiyo dawa yake ni siki au ndimu kidogo kwenye pamba ya masikioni. Utaona povu dogo. Hapo inafanya kazi. Betri za bei rahisi, zenye kopo la zinki, huvuja zaidi kwa sababu zinki yenyewe ndiyo inayoliwa kadiri unavyotumia, na uchafu wake ni wa upande wa tindikali. Huo uuoshe kwa maji yenye magadi kidogo. Hujui ilivujiwa na ipi? Anza na siki, tazama kama povu linatoka. Halafu pangusa kwa spiriti nyeupe ya duka la dawa, si ile ya rangi ya kuwashia jiko, na uache ikauke kabisa. Usiparue kwa kisu. Ukishaondoa mng'ao wa juu wa kile chuma, kutu itarudi haraka kuliko ilivyokuja.

Kisha swichi. Bila betri ndani, dondoshea spiriti kwenye swichi ya kuwashia na uisukume kwenda na kurudi mpaka mkono uchoke. Weka betri mpya, zote nne mpya, usichanganye na za rimoti. Jaribu. Taa ikiwaka na kioo kikabaki kitupu, zungusha lile gurudumu dogo la kushoto linaloongeza weusi. Msicheke, nimeletewa mashine kutoka mbali ambayo ugonjwa wake ulikuwa gurudumu.

Hapa kuna kipimo ambacho mafundi wengi hawakijui. Iwashe bila kaseti ya gemu. Likishuka pande jeusi mahali pa jina la Nintendo na kusimama katikati, mashine ni nzima. Lile pande ndiyo namna yake ya kusema haioni kaseti. Ukiweka kaseti na jina likaja limechakaa, mashine inagoma kuendelea, kwa sababu kabla ya kuanza hulinganisha lile jina na nakala iliyo ndani yake. Tatizo basi ni uchafu kwenye meno ya kaseti au kwenye mdomo wa mashine. Pamba, spiriti, subira. Usipulize kwa mdomo. Unatia mate halafu unashangaa kutu.

Kama haijawaka bado, ndipo ufungue. Bisibisi inayotakiwa ni ya mabawa matatu, kama herufi Y. Fundi simu atakupa ile ya iPhone. Ni ndogo mno, itateleza na kula kichwa cha skrubu. Nyuma kuna skrubu sita, mbili zimejificha kwenye sehemu ya betri, na watu wakizisahau hizo ndipo wanapovunja ganda kwa nguvu. Ukishazitoa zote, fungua kama unafungua kitabu ambacho hakijawahi kufunguliwa, maana nusu mbili zimeunganishwa na utepe wa waya. Uchomoe taratibu ukiwa umeushika kwenye plagi yake.

Mistari ya wima iliyopotea kwenye kioo hutokana na utepe wa chini kuachia. Ncha ya pasi ya fundi redio ikipitishwa juu yake polepole, mistari hurudi mmoja baada ya mwingine, na hakuna raha kama hiyo. Mistari ya kulala iache. Na nyie wa nyanda za baridi: asubuhi ya Julai kioo huwa kizito, picha inaburuta mkia. Ipashe mikononi kwanza.

Ganda lililogeuka njano? Wanawake wa saluni wana ile dawa ya kupaushia nywele, haidrojeni peroksaidi. Paka, funga nailoni, weka juani, vaa glavu. Njano huweza kurudi. Mimi siku hizi naacha njano ikae.

Kuna wanaonibishia kwamba badala ya kuhangaika na kioo cha zamani, ninunue kioo kipya chenye taa, nibandike, yaishe. Vipo, vizuri, vinang'aa. Lakini mdogo wangu, utakuwa umebaki na nini? Ganda na vitufe. Vijana mna tabia ya kununua njia ya mkato halafu mnaniandikia kwamba hobi haina raha. Raha iko kwenye kusafisha! Nimesema safisha mwanzo, nasema tena, na mwakani nitasema. Wewe unayecheka mtu mwenye mswaki na spiriti, saa zile zile uko kwenye simu unabeti.

Haya, nimepandisha sauti. Jambo la mwisho ni kwa mnaoniuliza kama napokea PSP, ile gemu ya mkononi ya Sony. Napokea. Ila PSP, tofauti na Game Boy, ina betri ya lithiamu, na za miaka ile nyingi zimevimba. Mfuniko wa nyuma ukiwa umeinuka, itoe leo, usiitoboe, usiichaji, usiiweke sandukuni. Iache nje mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha unitumie mashine bila betri. Basi la Songea lina abiria.