Shangazi yako na udiwani: niliyoyaona Ngamiani

Ndugu yangu, umeeleza kwamba shangazi yako amejitolea kwa miaka mingi katika kata yenu hapa Tanga, akisimamia usafi, akiwasindikiza wagonjwa hospitali ya Bombo na kuwaunganisha akina mama katika vikundi, na kwamba sasa wazee wanamsukuma achukue fomu ya udiwani. Umeuliza kama kazi hiyo inatosha kumpa kura. Nitakujibu kwa niliyoyaona nilipokuwa katibu wa kampeni ya mama mmoja wa Ngamiani, ambaye mwenendo wake haukutofautiana sana na huo. Kazi ya kujitolea itamfungulia milango ya watu, lakini asipojua mapema mipaka ya madaraka ya diwani, mapenzi yale yale yatageuka kuwa madai asiyoweza kuyatimiza.

Kwanza kuna suala la chama. Nchini kwetu hakuna mgombea binafsi. Jambo hilo lilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2010 iliona kuwa ni la Bunge kuamua. Kwa hiyo ni lazima shangazi yako adhaminiwe na chama, na ndani ya chama wanaoamua si wale aliowafariji misibani. Mama yetu alipendwa na mtaa mzima, lakini wajumbe wengi waliokuwa wampigie kura za maoni walimjua kwa jina tu. Ilibidi aanze kuhudhuria vikao vya tawi mapema, asikike akizungumza, ajulikane kwa hoja. Wapo waliomwuliza waziwazi amewaletea nini. Hakutoa kitu, nami namsifu mpaka leo. Takrima, yaani zawadi kwa wapiga kura, iliwahi kuruhusiwa na sheria kwa jina la ukarimu wa asili, na Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Anayeirudisha kwa mlango wa nyuma anaanza uongozi wake akiwa na deni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa shangazi yako alitafakari kuliko yote. Mtu aliyezoea kujitolea anaona taka, anachukua reki. Anaona mgonjwa, anatafuta bajaji. Diwani hafanyi kazi kwa namna hiyo. Barabara za mitaa na mifereji yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017, maji yako mikononi mwa mamlaka ya maji, Tanga UWASA, umeme ni wa TANESCO. Halmashauri yenyewe huendeshwa na mkurugenzi pamoja na wataalamu wake, na diwani huwasimamia akiwa ndani ya Baraza la Madiwani, wala hana fungu lake la kuchimbia mtaro. Miradi huibuliwa mtaani, hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu, kisha hupanda hadi halmashauri na kwenda mbele zaidi, ili iingie katika bajeti ya mwaka unaoanza Julai 1. Mradi usioibuliwa kwa wakati wake husubiri mwaka mwingine, hata kama diwani ana uchungu nao kiasi gani.

Tulimpata afisa mipango mstaafu, mtu mpole sana, akakubali kukaa na mama yetu na kitabu cha makisio cha halmashauri. Walikipitia ukurasa baada ya ukurasa, mama akiweka alama kwa kalamu: hiki kinatoka kwenye mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko, leseni na kadhalika, hiki kinaletwa na Serikali Kuu, hiki ni cha wafadhili. Kwangu mimi, kikao kile kilikuwa na faida kuliko mikutano yote ya hadhara.

Matunda yake niliyaona jioni moja barazani. Mzee mmoja alimwambia mbele ya watu, "Mwanangu, mtaro ule wa kando ya barabara hufurika kila masika, maji yanaingia mpaka jikoni kwangu. Tukikupa kura utauzibua lini?" Wapambe wetu walimkonyeza aseme mwezi wa kwanza tu. Yeye akajibu, "Babu, mtaro ule ni wa TARURA, mimi sitakuwa na fedha zake. Nitakachofanya ni kuuingiza kwenye kikao cha kata uandikwe kwenye muhtasari, kisha nimfuate meneja wao mpaka uingie kwenye mpango. Nikikuahidi kwamba masika haya hutaona maji, nitakuwa nimekudanganya." Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo la kwenda kuuliza wapi hatujawahi kuambiwa na mtu." Kura za baraza lile tulizipata, na naamini tulizipata kwa jibu hilo.

Jambo la vikundi linahitaji uangalifu wa pekee. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Ikiwa shangazi yako ni mwenyekiti au mweka hazina wa kikundi kilichokopa au kinachotaka kukopa, aachie nafasi hiyo kabla ya kuchukua fomu, makabidhiano yafanyike mbele ya wanachama na hesabu zisomwe. Asipofanya hivyo, kila mkopo utakaopita utasemwa kuwa ni wa kwake, na watakaoumia ni akina mama wale wale aliowapigania.

Vivyo hivyo kwa kazi ya wagonjwa. Mama yetu alishinda, na baada ya kuapishwa watu waliendelea kumgongea usiku kama zamani, huku siku nzima akiwa kwenye kamati. Jiji letu lina kata 27, na hoja ya kata moja haipiti bila kuungwa mkono na madiwani wengine. Kuungwa mkono huko kunataka kusoma makabrasha, kuhudhuria na kuzungumza na wenzako kabla ya kikao. Kilichomsaidia ni binti wawili wa mtaani aliokuwa amewazoesha kazi tangu kabla ya kampeni, wanaowajua wauguzi na wanaojua nani ana gari. Muulize shangazi yako ni nani anayeweza kushika kazi yake kuanzia mwezi ujao. Akiwa na jina la kukutajia, achukue fomu. Akiwa hana, amtafute kwanza, muda bado upo.