Cheche kwenye ombwe: plastiki haijatoboka, umeme unapita wapi?

SWALI: Ndani ya chemba yangu ya ombwe kuna nguzo ya nailoni ya milimita 20 inayotenganisha sahani mbili za chuma. Jedwali la kiwanda linasema nailoni hustahimili zaidi ya kilovolti 15 kwa milimita. Mbona nikifika kilovolti 22 tu za DC cheche zinaruka? Pampu inafika milibari 10⁻⁵. Nitafute plastiki nene zaidi au pampu kali zaidi?

JIBU: Vyote viwili havitakusaidia sana, ndugu yangu. Namba ya kiwanda hupimwa kwa kuitoboa plastiki yenyewe, na yako haijatoboka. Umeme umepita juu ya uso wake.

Chanzo kwa kawaida ni pale nguzo inapokaa juu ya sahani hasi, mahali ambapo chuma, plastiki na ombwe vinakutana. Kama nguzo haikulala sawasawa, hata upenyo mwembamba kama unywele unatosha: uga wa umeme ndani ya upenyo huo huwa mkubwa mara tatu au nne kuliko ule ulio ndani ya nailoni. Chuma kinaanza kutema elektroni. Zinagonga uso wa plastiki, na kila moja inaweza kung'oa zaidi ya moja. Uso unabaki na chaji chanya, unavuta nyingine, na mbio zinapanda kuelekea anodi, yaani sahani chanya. Njiani zinabandua gesi na unyevu ulioganda kwenye plastiki, na cheche unayoiona inawaka ndani ya gesi hiyo. Ndiyo maana pampu kali haibadilishi mengi: gesi inatoka kwenye nguzo yenyewe. Nailoni hapo ni chaguo baya, maana inanyonya maji. Polistireni au polithini ni afadhali.

Itoe nguzo uitazame kwenye mwanga mkali, ukianzia ncha ya upande hasi. Ukiona uzi mweusi wenye matawi, hiyo ni kaboni, na inapitisha umeme. Usihangaike kuifuta kwa spiriti. Tengeneza nguzo nyingine.

Nguzo mpya ichongwe kama koni iliyokatwa ncha, mteremko wa nyuzi 45 hivi, kitako kipana kikikaa kwenye kathodi, yaani sahani hasi. Elektroni zikitoka pale kwenye kona zitaruka mbali na uso badala ya kuukwangua. Ukiigeuza kichwa chini umejiharibia. Chimba pia kishimo kifupi kwenye sahani hasi, kitako kizame humo, na ukingo wa chuma uviringishwe. Kurefusha nguzo kunasaidia, ila kwa uchache: uwezo hukua takriban kwa kipeuo cha pili cha urefu, hivyo milimita 40 hazikupi maradufu.

Ukiwasha, weka rezista ya megaohomu 10 karibu kabisa na chemba, baada ya kebo, kwa kuwa kebo nayo hutunza chaji. Kwa kilovolti 22 mkondo hautazidi miliampia 2.2. Panda polepole huku ukitazama geji ya ombwe. Ikiruka, subiri itulie ndipo uendelee. Cheche chache dhaifu husafisha uso. Cheche kali huuchoma.

Na kama chemba ina dirisha la akriliki, usichungulie. Kwa volteji hizo eksirei zinazaliwa humo ndani, na akriliki haizizuii.