Uliza Tukujibu: Minyoo kwenye tangi la matumbawe

SWALI: Hamjambo wahariri. Nina tangi la maji ya bahari la lita 300. Vidudu bapa vya rangi ya kutu, vidogo kuliko punje ya mchele, vimefunika mchanga na sasa vinapanda matumbawe laini. Jirani ananishauri nimimine dawa ya minyoo ya mbuzi, eti kesho yake vidudu vitakuwa vimekwisha. Nimsikilize? *Msomaji, Shela, Malindi*

JIBU: Hatujambo, ndugu. Usimimine chochote leo. Kwa maelezo yako hao ni minyoo bapa wa jamii ya Convolutriloba. Hakikisha kwa kioo cha kukuzia: nyuma wana vincha vitatu. Tumbawe hawalili. Ndani ya miili yao mna mwani unaowalisha kwa mwanga, na huzaana kwa kuchipuza, kwa hiyo wachache hugeuka maelfu upesi. Madhara yao ni kulifunika tumbawe hadi likakosa mwanga.

Kuwaua ni rahisi. Kinachoangamiza tangi ni sumu wanayoiachia wakifa wengi kwa pamoja. Samaki waliokuwa wazima asubuhi unaweza kuwakuta wameelea kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo wapunguze kwanza, dawa ije mwisho.

Kwa wiki nzima wanyonye kwa mpira mwembamba wa pampu ya hewa, ule wa milimita 4, uliofungwa kwenye kijiti ili uufikishe kila pembe. Fanya hivyo mchana, taa zikiwa zimewaka saa kadhaa, kwa kuwa hujitandaza penye mwanga na usiku hujificha. Toa kama lita 10 kila siku, urudishe kiasi hicho cha maji mapya ya chumvi. Maji uliyonyonya usiyamwage baharini, yamwage chooni.

Jioni ya kuamkia siku ya dawa, andaa lita 90 za maji ya chumvi yenye joto na uzito sawa na ya tangi (1.025 kwenye hidrometa, kipimo cha chumvi ya maji), pamoja na gramu 400 hadi 500 za mkaa wa kuchujia, ule wa matangi, uliosuuzwa hadi maji yake yawe meupe. Ukikosa kimojawapo, ahirisha.

Dawa ya mbuzi tunakukataza. Chupa nyingi za levamisoli (dawa ya minyoo ya mifugo) za agroveti zimechanganywa na oksiklozanidi, dawa nyingine ya minyoo, na kipimo chake ni cha mnyama, si cha maji. Tafuta dawa ya matangi, kama Flatworm Exit ya Salifert, ufuate karatasi yake. Piga hesabu kwa maji yaliyomo, si kwa ukubwa wa kioo: ukitoa mawe na mchanga, tangi la lita 300 huenda lina 250 tu. Toa mkaa wa zamani, acha pampu zizunguke, tia dawa asubuhi ili ushinde hapo ukiangalia. Minyoo watajikunja na kuelea; wanyonye papo hapo. Baada ya dakika 45 tia mkaa mpya, kisha badilisha zile lita 90. Samaki wakianza kuhema mbio kabla ya hapo, usingoje dakika 45 ziishe: mkaa na maji mara moja. Rudia baada ya wiki, maana wachache hubaki kwenye nyufa.

SWALI: Usiku nikimulika tochi naona minyoo mirefu ya waridi yenye nywele nyeupe ubavuni. Nimemkata mmoja kwa koleo. Wanakula matumbawe? *Msomaji, Lamu*

JIBU: Usiwakate tena. Anayefanana na huyo, Eurythoe complanata, huzaana kwa kukatika, kila kipande kikaota kichwa na mkia. Mara nyingi hula mabaki na mizoga, na wakizidi ujue chakula unachowapa samaki kinazidi. Punguza chakula kwanza. Wa kuwatoa, watege: kipande cha nyama ya kamba wa baharini ndani ya soksi laini ya kike, kiweke chini taa zikizimwa, kivute kabla hazijawaka. Nywele zao hunasa kwenye uzi. Vaa glavu nene. Ukichomwa, bandika utepe wa gundi mahali hapo na uubandue, nywele zitoke nao.

Ukiona mnyoo anayemetameta kama mafuta juu ya maji, mwenye papasi tano kichwani, huyo ni wa jamii ya Eunice na baadhi yao hula matumbawe. Usimvute, atakatikia jiweni. Toa jiwe zima, ulishike juu ya ndoo, uingize maji ya soda yasiyo na sukari kwenye tundu lake kwa bomba la sindano. Kwa kawaida hutoka mwenyewe.

SWALI: Naweza kuokota mawe mapya ufukweni nitupe haya yenye minyoo? *Msomaji, Malindi*

JIBU: Hapana. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, inayosimamiwa na KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), imelindwa tangu 1968, na hairuhusiwi kutoa humo jiwe, tumbawe wala kombe. Isitoshe, jiwe bichi la baharini ndilo linaloingiza minyoo wapya. Hata maji, usiteke wakati wa mvua Mto Sabaki ukishusha tope na bahari kuwa ya kahawia. Chumvi yake hupungua. Pima kwa hidrometa kila ndoo kabla haijaingia tangini.