Farasi Mmoja, Nusu Siku

Ukiombwa kusaidia kushuti sinema ya kikauboi ya kanisani, kabla hujaitikia uliza kwanza: farasi wamekodiwa siku ngapi? Sisi tulikuwa na mmoja, tena kwa nusu siku.

Ilikuwa hapa Texas ninakoishi. Nilipewa kazi ya mavazi kwa kuwa nina cherehani. Hadithi ilikuwa nzuri: miaka ya 1880, jambazi anarudi kumwomba msamaha mjane aliyemuulia mume. Farasi akafika saa mbili asubuhi, akaona lile shuka jeupe la kuakisi mwanga likipepea, akagoma. Saa sita akapakiwa kwenye trela, kwaheri.

Mbio zote za kwenye skripti zikafia hapo. Daireta akaziba pengo kwa mahubiri. Jambazi aliyepaswa kuvuka mto kwa kasi akasimama mlangoni dakika saba, pasta akimweleza wokovu. Hapo nikaelewa kwa nini sinema hizi zina maneno mengi. Farasi analipiwa, maneno ni bure.

Kwa hiyo, kama pesa hamna, toeni farasi kwenye skripti mapema, msingoje awatoke mwenyewe uwanjani. Kisha kila penye mahubiri jiulizeni: mikono ya huyu mtu inafanya nini? Kipande chetu bora kuliko vyote kilikuwa cha mjane kumimina maji kwenye beseni, kuweka sabuni pembeni, na kulisukuma beseni kwa yule muuaji. Hasemi neno. Tulipoionyesha ukumbini kanisani, hapo watu walifuta machozi. Kwenye zile dakika saba za pasta niliona mwanga wa simu kila safu.

Bastola? Za mpira tu, moshi na mwali viongezwe wakati wa kuhariri. Hili sibishani na mtu. Oktoba 2021, kwenye sinema ya kikauboi huko New Mexico, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa na risasi halisi iliyokuwa ndani ya bastola ya maigizo. Na wale walikuwa watu wa kazi, si wanakwaya.

Pesa mtakayookoa ipelekeni kwenye sauti. Macho husamehe ukuta wa mbao nyembamba, sikio halisamehi. Upepo wa nyanda unaingia kwenye maikrofoni kama mtu anayepasua turubai, na malori ya barabara kuu husikika hata usipoyaona.

Mavazi ni rahisi kuliko mnavyodhani. Shati jipya la pamba lilowekwe usiku kucha kwenye chai ya rangi, liburuzwe vumbini, litaonekana limezeeka. Ila kagueni zipu! Nilipitisha suruali moja bila kuangalia, na kwenye picha ya karibu zipu inang'aa kama kioo. Enzi zile suruali zilikuwa za vifungo.

Msione aibu ya uchache. Kanisa la Sherwood Baptist la Albany, Georgia, lilitoa filamu mwaka 2006 kwa takriban dola 100,000, kwa nguvu ya waumini waliojitolea. Ilihusu mpira wa Kimarekani, mchezo walioujua, na uwanja upo.

Farasi wetu yumo bado. Sekunde nne, mgongo na mkia, akielekea kwenye trela lake.