Kabla Hujanunua Injini ya Boti: Mipigo Miwili au Minne

Watu wapya huja Majanji, mwalo (kituo cha boti za uvuvi) wa Ziwa Victoria upande wa Uganda, na pesa ya boti moja. Mwingine ameuza shamba, mwingine ametoka kwenye kazi ya mshahara, na wote humwuliza fundi swali lilelile: injini ipi ni nzuri? Mimi ni fundi wa injini za boti, na kabla sijajibu huwa nawauliza mambo matatu. Boti itatembea saa ngapi kwa siku? Nani ataishika injini? Na ikizima huko kati ya visiwa vya Sigulu na Dolwe, nani yuko karibu wa kuifungua? Ukinijibu hayo kwa ukweli, nusu ya uamuzi umeshafanyika, hata kabla hatujataja Yamaha wala nyingine yoyote.

Lakini lazima ujue kwanza kinachofanyika ndani. Kwenye mipigo miwili, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha: plagi imewasha, moshi umetoka, mafuta mapya yameingia. Kwenye mipigo minne hupanda na kushuka mara mbili ndipo iwake tena, na kuna valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi. Kila tofauti unayoisikia mwaloni inatoka hapo. Mipigo miwili haina valvu wala mkanda wa kuziendesha. Oili yake unaichanganya na petroli, inalainisha ikipita na kuungua humohumo. Ndiyo maana ni nyepesi, ina vipuri vichache, na ukifungua mafuta inaruka mara moja. Hasara yake ni kwamba kuna kitambo ambapo njia ya moshi na njia ya mafuta ziko wazi pamoja, na petroli uliyoilipia inatoka na moshi bila kuungua. Kwa injini za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kiasi hicho kinaweza kufika robo ya mafuta yako, hata kupita.

Ile rangirangi inayotanda juu ya maji nyuma ya boti ni pesa yako, na pia ni maji yetu. Kampala wanakunywa ziwa hili kupitia mitambo ya maji ya Ggaba, na sisi wa mialoni wengi tunalichota na kulinywa moja kwa moja. Marekani walitoa masharti ya moshi wa injini za boti mwaka 1996, na polepole mipigo miwili ya kabureta ikaondoka madukani kwao. Huku kwetu bado inauzwa mpya, na inauzika sana. Sisemi mtu aione aibu kuinunua. Nasema ukiinunua, usimwage mabaki ya tanki ziwani, na usizidishe oili ukidhani unailinda injini.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi hujidanganya. Injini ya nguvu za farasi 40 ya mipigo miwili, ukiifungua yote, hula lita 17 hadi 20 kwa saa. Mwenzake wa mipigo minne hula kama 13 hadi 15. Tuseme tofauti ni lita 4. Ukifuata sangara mbali, ukatembea saa 4 kwenda na kurudi, hizo ni lita 16 kwa siku. Chukua lita kwa shilingi 5,000 ili hesabu iwe nyepesi: umeokoa 80,000 kwa siku. Ukitoka siku 20 kwa mwezi ni 1,600,000. Bei ya ziada uliyolipa kwa mipigo minne itarudi, na visiwani ambako petroli inauzwa kwa madumu kwa bei ya juu itarudi haraka zaidi. Tena ukienda mwendo wa polepole, mipigo minne inaokoa zaidi, kwa sababu mipigo miwili huvuja mafuta mabichi zaidi ikiwa inazunguka taratibu.

Mvuvi wa mukene (dagaa) hesabu yake ni nyingine. Anawasha jioni, anakwenda nusu saa, anazima, anakaa na taa zake usiku kucha, alfajiri anarudi. Injini yake ni ya farasi 15 na imetembea saa moja tu. Anaokoa lita 2 hivi. Kwa mtu huyo injini ghali ya mipigo minne itachukua miaka kujilipa, na katika miaka hiyo inaweza kuibiwa, kuzama au kuharibiwa na mkono usioijua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni mgawo. Kwenye boti nyingi za hapa, mafuta hukatwa kwanza kwenye mauzo, kisha kinachobaki ndicho hugawanywa kati ya tajiri (mwenye boti) na mabaria (wavuvi wake). Kwa hiyo petroli ikiokolewa mnafaidi wote, lakini injini ikifa anayelipa ni tajiri peke yake. Baria hana sababu ya kukumbuka oili ya injini ambayo si yake. Ukitaka mipigo minne na wewe mwenyewe huendi majini, kaa na mabaria wako mpatane: oili ya kubadilisha nayo ikatwe kwenye mauzo kama mafuta, na awepo mmoja anayelipwa kidogo juu kwa kuitunza. Hilo nimeona likiokoa injini kuliko ufundi wangu wote.

Maana mipigo minne inadai oili kwa saa zake. Mara ya kwanza baada ya saa 20, halafu kila saa 100. Kwenye kitabu cha injini saa 100 zinaonekana nyingi, kwa sababu mwenye boti ya starehe Ulaya anaweza kuzimaliza kwa mwaka mzima. Wewe ukitembea saa 5 kwa siku, saa 100 ni siku 20 za kazi. Nunua daftari la shule, uandike saa za kila siku. Na uchomoe kijiti cha oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ikipungua ni hatari, lakini hata ikiongezeka ni hatari: injini inayoendeshwa polepole kwa muda mrefu bila kupata moto vizuri inaweza kuvujisha petroli hadi kwenye oili, oili ikawa nyepesi na ikaacha kulainisha. Ukiinusa utaijua.

Mipigo miwili nayo ina masharti yake, watu huyadharau kwa sababu haina kijiti. Oili yake ni ile iliyoandikwa TC-W3, ya injini za boti zinazopozwa kwa maji. Kipimo cha kawaida ni 50 kwa 1, yaani dumu la lita 20 linapata mililita 400. Injini mpya, au iliyotoka kubadilishwa pistoni, inaanza na 25 kwa 1, mililita 800 kwa dumu lilelile, mpaka muda wa kuizoeza uliotajwa kwenye kitabu uishe. Tumia chupa yenye alama za kipimo. Oili ya gari, na ile ya kupimiwa kwenye chupa za soda isiyojulikana ilikotoka, inaacha masizi, ringi zinaganda, plagi zinalowa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi. Inaungua vibaya na hailainishi, na pistoni nyingi ninazozitoa zimekwaruzwa upande mmoja zinatokana na hiyo.

Uzito, watu wanaupita haraka mno. Mwaloni injini hailali kwenye boti. Ikilala huko asubuhi hutaikuta. Kila jioni inafunguliwa, inabebwa begani hadi stoo. Ya farasi 15 ya mipigo miwili ina kilo 40 hivi, baria mmoja mwenye nguvu anaibeba peke yake. Ya mipigo minne inapita kilo 50, na ya farasi 40 ni kazi ya watu wawili au watatu. Tena mipigo minne huwezi kuilaza unavyotaka. Kuna upande wake mmoja wa kulalia, umeonyeshwa kwenye kitabu na mara nyingi kwenye mwili wa injini; ukiilaza vibaya oili inapanda kwenye silinda. Waonyeshe mabaria upande huo, uweke rangi pale. Kwa zote mbili, kichwa kisiwe chini kuliko mguu, maana maji yaliyobaki mguuni yataingia juu.

Na ikizama? Itatokea, ziwa hili lina mawimbi. Mipigo miwili ikiopolewa mapema, unatoa plagi, unaipindua maji yatoke, unatia oili kidogo ndani ya silinda, unavuta kamba mpaka ikauke ndani, na mara nyingi inawaka siku hiyohiyo. Mipigo minne lazima umwage oili yote, uweke mpya, uzungushe, umwage tena, hata mara tatu. Na kama ni ya umeme wa sindano za mafuta, kama zilivyo nyingi kuanzia farasi 40, kuna nyaya na kompyuta yake ndogo ya kuangalia. Mafundi wenye kifaa cha kuisoma kompyuta hiyo hawapo kila mwalo. Uliza kabla ya kununua yupo wapi aliye karibu nawe, na usafiri wa kumfikia ni kiasi gani.

Kuna suala la mwinuko ambalo huwasumbua hata waliozoea. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini yoyote hapa hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mtu akinunua injini yenye propela iliyopangwa kwa ajili ya pwani, inazunguka kwa kulemewa, anadhani ni mbovu. Mara nyingi dawa ni propela yenye hatua fupi zaidi (hatua ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja). Mipigo miwili ya kabureta, kwa kuwa hewa imepungua na petroli haijapungua, hupata mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinakuwa nyeusi. Fundi anaweza kuweka jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi. Ya sindano hujirekebisha yenyewe. Kule Ziwa Albert, mita 619 tu, shida hii ni ndogo, kwa hiyo ushauri wa mtu wa Butiaba usiuchukue kama ulivyo.

Kwa boti zetu za mbao za aina ya Ssese, chukua mguu mrefu, inchi 20, na hakikisha bamba lililo juu ya propela linakaa sawa na mkuku au chini yake kidogo. Ikiwa juu, propela inakula hewa kwenye wimbi na injini inapiga kelele bila kusukuma.

Ukinunua iliyotumika, dai risiti na ulinganishe namba ya injini na karatasi. Injini za farasi 40 za mipigo miwili zinapendwa na wezi kwa sababu hupata mnunuzi popote ziwani, na ukikamatwa nayo hutajitetea kwa kusema hukujua. Pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya kila silinda. Zikitofautiana sana, acha. Fungua skrubu ya chini ya giaboksi: oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Iwashe ndani ya pipa la maji uone inakojoa vizuri, yaani inarusha maji ya kupozea, au inadondosha tu.

Mimi binafsi, kwa anayeanza na boti moja, asiyekwenda majini mwenyewe, anayevua karibu au anavua mukene, namwambia achukue mipigo miwili ya farasi 15 bila kusita. Kwa anayefuata sangara mbali kila siku, au anayebeba abiria na mizigo kwenda visiwani, ikiwa fundi yuko karibu na daftari litaandikwa, mipigo minne ndiyo yenye faida, na ziwa nalo litapumua. Anayekwenda mbali lakini fundi hayupo, basi mipigo miwili, na akubali kulipia mafuta.

Yoyote utakayochukua, kwenye boti kuwe na plagi za akiba na spana yake, pini ya propela, kamba ya kuwashia, tochi, kafi mbili, na jaketi la kuokolea kwa kila aliyemo. Pampu ya maji uifungue mara moja kwa mwaka ubadilishe mpira wake hata kama bado inakojoa, na mara mbili kama unapita kwenye gugu maji au mchanga. Ukiona mkojo umekata, zima hapohapo, inua mguu, utoe majani. Usijaribu kufika kwanza.