Kusafiri peke yako ukitokea Mombasa: anza na feri ya Likoni

Mdogo wangu wa Kisauni umeuliza kama mwanamke anaweza kuzunguka nchi za watu peke yake, na kama akiba yako ya elfu themanini uikatie tikiti ya Dubai. Mimi ni mtu wa Majengo, nasafiri peke yangu tangu mwaka 2015, na jibu langu ni: waweza, lakini usianze na ndege. Ndege yakutoa uwanja wa Moi na kukutupa mahali hujui bei, hujui neno, hujui umwamkie nani na vipi. Ukienda kwa barabara, nchi yabadilika pole pole na Kiswahili chapungua pole pole, na wewe wapata muda wa kuzoea.

Mimi nilivuka Likoni, nikapanda basi la Tanga kupitia Lungalunga. Tanzania wanataka pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda na Rwanda sisi twaingia kwa kitambulisho. Tanga yenyewe utahisi hujatoka nyumbani. Shuka Mombo, panda gari la Lushoto. Ni kona juu ya kona, na ghafla mashamba ya mkonge na joto vimebaki chini, watu wamevaa sweta mchana. Nilisimama ukingoni Irente, chini yangu nyika imetandaa hadi macho yanachoka. Sisi wa kisiwani hatujazoea ardhi kukatika namna ile.

Safari iliyonifunza kuwa peke yangu ni reli ya TAZARA, Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, kilomita 1,860, iliyojengwa na Wachina miaka ya 1970. Nilipanda mwaka 2018. Ulizia kwanza kama treni ya abiria inatembea kabla hujapanga lolote. Vyumba vya kulala hutenga wanawake na wanaume, na kwa msafiri wa kike hilo ni jambo kubwa. Nililala na mama wa Mbeya aliyekuwa akirudi kwao. Alipoona nimetandika leso akacheka, "Hii kwetu ni kanga, mwanangu," akaniombea nafasi ya kitanda cha chini. Jioni ya kwanza treni yapita ndani ya hifadhi, na tuliona twiga wamesimama karibu na reli, hawashtuki. Baada ya Mlimba yaanza kupanda: daraja, handaki, daraja, handaki, na kila ukitoka gizani bonde liko chini zaidi. Ukifika Makambako meno yagongana. Beba sweta, usinibishie.

Mpakani Tunduma niliibiwa. Mbadilishaji pesa alinihesabia noti mbele ya macho yangu, akaomba azihakikishe tena, akanirudishia. Nilipozifungua baadaye, za katikati zilikuwa zimekunjwa, kila moja imehesabika mara mbili. Pesa ikishaingia mkononi mwako isitoke tena, na uihesabu noti moja moja, ukiinyoosha. Badilisha kidogo tu, ya chakula na gari la kwanza.

Nakonde, upande wa Zambia, wachuuzi dirishani bado wakujibu Kiswahili. Kapiri kimekwisha, ni Kibemba. Usiku ule wa kwanza bila lugha nililia gesti, sikutoka hata kununua maji. Asubuhi nikachukua basi la Lusaka, kisha Livingstone, kuona maporomoko ya Victoria. Ni mwezi wa nne, mto umejaa. Wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Nikalitamka lile jina taratibu: mosi, moshi. Nimelia pale, wallahi, nimelowa chapachapa, maji yashuka zaidi ya mita mia na yarudi juu kama mvua iliyopotea njia, na neno la kwetu laningojea huko.

Kaskazini nilienda mwaka uliofuata. Ukipita Marsabit na msitu wake wa ukungu washuka jangwa la Dida Galgalu, mawe meusi kila upande, hakuna mti. Moyale ukivuka tu kuingia Ethiopia magari yahamia upande wa kulia, kwa hiyo geuza shingo pande zote mbili. Kiamhari sikujua neno. Mkata tikiti akaniambia basi laondoka saa kumi na mbili. Wazungu wawili waliokuwa gesti yangu walikuja adhuhuri, basi lishakwenda kitambo. Mimi nilikuwa pale alfajiri, kwa sababu Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia jua linapotoka, na neno lao lenyewe ni "se'at".

Arba Minch, mji wa kusini mwa Ethiopia, mwenye gesti alinikaribisha kahawa. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akakaanga buni mbele yangu, akanipitishia moshi wake usoni ninuse, akatwanga, akachemsha kwenye birika la udongo. Vikombe ni vidogo visivyo na mkono, kama vya wauza kahawa wetu Mji wa Kale, ila kashata hakuna. Huinywa mara tatu: abol, tona, bereka. Baada ya cha pili nilisimama nikidhani tumemaliza. Akanishika mkono, akanikalisha, akarudia "bereka, bereka", na hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Baraka. Nikakaa.