Machiya ya Kyoto na watoto wadogo

Mama Mapacha, umeuliza kama machiya, nyumba ya kijadi ya mbao pale Kyoto, Japani, itawafaa na watoto wa miaka 3. Itawafaa, ila ulizia ngazi kabla hujalipa. Machiya ni nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, Wajapani huiita malalo ya mkunga (mkunga samaki, si yule wa kuzalisha), basi ngazi nayo imesimama wima kama ya kupandia darini. Sisi tuliiziba kwa sanduku la nguo, tukalala wote chini. Kulala ni raha: magodoro hutandikwa juu ya mikeka ya tatami, hakuna wa kuanguka. Kwenye tatami hata ndala hazikanyagi. Kuta nyepesi, jirani anasikia kila kilio. Na Januari, baridi ya humo ndani si mchezo.